Ujiji: Ziara katika Mji wa Pwani ya Bara

Neno ziara limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na kwa muda mrefu limebeba maana ya kwenda kuzuru kaburi la mja mwema, kumwombea dua na kurejea. Siku hizi hutumika pia kwa safari ya kiongozi anayekwenda kukagua kisima au kufungua daraja. Maana hizi mbili hazilingani. Katika ile ya kwanza mgeni huenda kwa unyenyekevu, akimjua anayemzuru. Katika ile ya pili mgeni ndiye anayetazamwa. Nilipokwenda Ujiji nilijiuliza mara nyingi ziara yangu ilikuwa ya namna gani, na ni nani hasa niliyekwenda kumzuru.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na ikakomea hapo. Wajerumani waliichagua ghuba ya Kigoma kwa kuwa ina kina na imekingwa na upepo, ilhali Ujiji, iliyoko kilomita chache kusini, ina ufuko ulio wazi. Kwa uamuzi huo mji mkongwe uligeuka kuwa kiunga cha mji mpya. Leo yote miwili ni manispaa moja, nayo huitwa Kigoma-Ujiji; lakini anayetoka stesheni kuelekea Ujiji na kuiona miembe mikubwa, misikiti na nyumba zenye baraza, hatambui tu kwamba amebadili mtaa. Anahisi kwamba ameingia katika historia nyingine.

Historia hiyo haikuanza na Wazungu. Burton na Speke walipofika Kawele, katika nchi ya Wajiji, mwezi Februari 1858, waliwakuta wafanyabiashara kutoka pwani wamekwisha kutangulia. Palikuwa na soko la chumvi ya Uvinza, mawese, samaki, pembe za ndovu na watumwa. Wauzaji walipokea shanga zilizoitwa sofi kama fedha. Nguo za merikani zilitoka Marekani. Kaniki ilitoka Bara Hindi. Na mikopo iliyoziwezesha safari za misafara ilitoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, mathalani nyumba ya Jairam Shivji, Mhindu wa asili ya Kutch, iliyokodi ushuru wa forodha kwa Sultani. Hivyo basi, mwanamke aliyeuza kapu la dagaa Ujiji alifungamana, pasipo kujua, na wafumaji wa ng'ambo ya bahari ambayo hakupata kuiona. Mwanahistoria Philip Gooding, katika kitabu chake cha mwaka 2022, anaitazama Tanganyika ya karne ya 19 kuwa ni mpaka wa ulimwengu wa Bahari ya Hindi. Kwa maoni yangu, lugha yetu iliutambua ukweli huo mapema zaidi.

Tulitazame neno pwani. Asili yake ni kitenzi kupwa: pwani ni mahali ambapo maji hupwa. Ziwa Tanganyika halina maji kujaa na maji kupwa ya kila siku, na maji yake hayana chumvi. Hata hivyo ziwa hili nalo lilipwa, kwa namna yake. Karibu na mwaka 1878 maji yake yalipanda sana, yakauzibua mto Lukuga upande wa Kongo, kisha yakashuka kwa miaka mingi. Ufuko wa Ujiji ukasogea mbali na mji. Ndiyo sababu mgeni anayefika kwenye kumbukumbu ya Livingstone hushangaa kuona kwamba maji hayako karibu.

Kumbukumbu hiyo ni jiwe lenye ramani ya Afrika na msalaba. Limesimamishwa mahali ulipokuwa mwembe ambao inaaminika Stanley na Livingstone walikutana chini yake mwaka 1871. Mwembe wenyewe ulikwisha kufa, na iliyopo ni vizazi vyake. Katika makumbusho ya hapo mabwana wawili wamefinyangwa kwa kimo cha binadamu, wakisalimiana. Wageni hupiga picha, kisha huondoka. Hiyo nayo ni ziara. Lakini tujiulize Livingstone alikuwa anatoka wapi. Alikuwa anatoka Manyema, magharibi ya ziwa, ambako tarehe 15 Julai 1871 alishuhudia watu wa misafara wakiwapiga risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni Nyangwe. Mamia walikufa, wengine kwa kuzama mtoni. Maelezo ya mauaji hayo, ambayo Stanley alirudi nayo Ulaya, yalichangia shinikizo lililofanya soko la watumwa la Unguja lifungwe mwaka 1873.

Sasa, Wamanyema hao hao ndio walioijenga Ujiji tunayoiona. Wengi waliletwa mateka kuvuka ziwa. Wengine walikuja wakiwa wapagazi, askari na wake za watu. Walisilimu, wakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya nyumbani, wakajiita waungwana. Kutoka Ujiji lugha hiyo ilivuka tena: ikaenda Rumonge na Bujumbura, ikaenda Kongo, ambako iliitwa Kingwana. Jina hilo lina kinaya chungu. Lugha iliyopewa jina la watu huru ilienezwa kwa kiasi kikubwa na watu waliokuwa wamenyimwa uhuru.

Jioni moja nilikaa barazani na mzee wa mji. Baada ya kumwamkia na kuulizana hali, nilimwomba anieleze babu yake alitoka wapi. Alinyamaza kidogo, akazungusha tasbihi, kisha akasema kwa upole kwamba babu yake alizikwa Ujiji. Sikuendelea kuuliza. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922, lakini kumtajia mtu asili ya utumwa bado ni kumvunjia heshima. Kwa muda nililihesabu jibu lile kuwa ni ukuta. Baadaye niliona kwamba lilikuwa jibu kamili: mzee alichagua kaburi badala ya mnyororo kuwa mwanzo wa ukoo wake.

Hapa ndipo kazi ya mtafiti inapokuwa ngumu. Tukikaa kimya, jiwe la wageni wawili litaendelea kusema peke yake, na waliovushwa ziwa watabaki bila jina. Tukiuliza bila staha, tutawavua wajukuu uungwana ambao mababu waliupata kwa jasho. Naona njia ni kuanza na yale ambayo watu wa Ujiji wenyewe huyataja kwa fahari: majina ya mitaa, silsila za twarika, nyimbo za arusi, msamiati wa mitumbwi na wa uvuvi wa dagaa kwa taa usiku wa giza. Humo historia imehifadhiwa bila kumwaibisha mtu. Wazee wanaoyajua haya wanapungua, na rekodi tulizonazo vyuoni hazitoshi.

Siku ya mwisho nilikwenda makaburini. Makaburi mengi hayana maandishi. Nilisimama, nikaomba dua kwa wote kwa pamoja.