Dumuzi: Mdudu Mmoja, Majina Matatu

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo, si kila mgeni aliyezingatiwa katika methali hii. Yupo mmoja aliyeingia Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo wenyeji wake hawajapona. Ni mdudu wa kahawia iliyokoza, mwenye urefu wa milimita 3 hadi 4 na nusu hivi, atoboaye mbao na nafaka kavu. Nakusudia kumzungumzia kwa jicho la mwanafunzi wa lugha, wala si la mtaalamu wa kilimo. Dai langu ni kwamba sehemu kubwa ya vita dhidi yake imepiganwa katika uwanja wetu sisi, yaani uwanja wa majina.

Kwao asilia ni Meksiko na Amerika ya Kati. Huko huishi misituni akitoboa miti iliyokauka, na huingia pia katika maghala ya mahindi. Wanasayansi walimweleza tangu mwaka wa 1878 na kumwita Prostephanus truncatus. Barani Afrika alitambuliwa kwanza katika eneo la Tabora, Tanzania. Kufikia mwaka wa 1983 alikuwa amekwisha kuvuka mpaka na kuonekana Taita-Taveta. Ajabu ni kwamba mahindi yenyewe yana asili hiyo hiyo ya Meksiko, ingawa jina lake la Kiswahili linatuelekeza Uhindini. Mmea ulitangulia kwa karne kadhaa, tukaupokea, tukauita wetu, tukaufanya ugali. Mlaji wake wa tangu jadi akaufuata baadaye. Hapo ndipo mtu anapotambua kuwa jina laweza kupotosha njia ya kitu kwa muda mrefu bila ya yeyote kudhurika. Kwa mdudu huyu, hata hivyo, mambo hayakuwa hivyo.

Mimi ni mzaliwa wa Taita-Taveta, na kisa hiki nilikipata kwa nyanya yangu kabla sijakisoma vitabuni. Katikati ya miaka ya 1980 alikuwa na ghala la fito na nguzo, lililoinuliwa kutoka ardhini, ambamo aliweka mahindi yakiwa bado kwenye magunzi. Ndivyo walivyofanya mama zake. Msimu mmoja aliona unga mweupe ukidondoka chini ya ghala, kana kwamba mtu alikuwa akisaga humo ndani. Alipochunguza aliwakuta wadudu, naye akasema kama ambavyo yeyote angesema: fukusi. Alikwenda dukani akaomba dawa ya fukusi, akapewa dawa ya fukusi. Fukusi walikufa. Unga uliendelea kudondoka.

Ulipowadia wakati wa kupanda, magunzi yaliyosalia yalikuwa mepesi kama makapi. Katika ghala lile ndimo ilimokuwa karo ya mama yangu ya kidato cha kwanza. Mama alikaa nyumbani mwaka mzima, akitazama wenzake wakipita na sare zao. "Mjukuu wangu," nyanya huniambia, "yule mdudu sikumjua jina, naye alinijua mlango."

Maneno hayo ya nyanya yana uzito kuliko aonavyo mwenyewe. Fukusi na dumuzi ni wadudu wawili tofauti. Fukusi ana mdomo mrefu uliochongoka mfano wa mkonga mdogo. Dumuzi hana mkonga. Mwili wake ni wa mviringo kama kipande cha mwanzi, kichwa chake kimeinamia chini hivi kwamba ukimtazama kutoka juu hukioni, na sehemu yake ya nyuma ni kana kwamba imekatwa kwa kisu. Neno truncatus la Kilatini lina maana hiyo hiyo ya kukatwa. Aidha, dawa zao hazifanani. Pirimifosi, iliyokuwa ikitumiwa sana dhidi ya fukusi, haikumtosha dumuzi. Yeye alidhurika zaidi kwa permethrini, ambayo nayo haikumfaa sana fukusi. Ndiyo sababu katika miaka ya 1980 palitengenezwa poda iliyochanganya dawa zote mbili, na wakulima wakahimizwa kupukuchua mahindi kabla ya kuyahifadhi, kwa kuwa dumuzi hustawi zaidi punje zinapokuwa zimeshikamana kwenye gunzi. Kwa hiyo, nyanya hakukosa bidii wala fedha. Alikosa neno.

Tuyatazame basi majina aliyopewa. Jina dumuzi ndilo lililoenea katika Kiswahili cha kilimo huko Tanzania, na manufaa yake ni kumtenga na fukusi. Jina la pili ni Scania, ambalo wakulima wa Tanzania walilitwaa kutoka kwa malori makubwa ya mizigo. Kwangu mimi hii ni sitiari iliyokomaa. Inaeleza nguvu ya mharibifu, na wakati huo huo inatukumbusha kuwa nafaka na wadudu wake husafiri kwa magurudumu. Mdudu huyu huruka, lakini safari zake ndefu amezifanya katika shehena zetu. Jina la namna hii humwambia mkulima: chunguza gunia kabla hujalipokea.

Si Afrika pekee inayojifunza somo hili. Mwaka wa 2002, karibu na Detroit katika jimbo la Michigan, Marekani, aligunduliwa mdudu wa rangi ya zumaridi kutoka Asia ya Mashariki, anayeaminika kuwa aliingia na mbao za kufungia mizigo. Viluwiluwi wake hula chini ya gome la miti ya jamii ya Fraxinus, na mamilioni kwa mamilioni ya miti hiyo imekufa. Miongoni mwa hatua za mwanzo ilikuwa kuwakataza watu kusafirisha kuni kutoka maeneo yaliyovamiwa. Huko nako, kuijua njia ya mgeni kulikuwa sehemu ya kinga.

Jina la tatu ni Osama, ambalo nimelisikia sana hapa Kenya. Chimbuko lake halihitaji maelezo. Jina hili linatisha, lakini halifundishi kitu. Halisemi mdudu ana umbo gani, alipita wapi, wala huuawa kwa nini. Isitoshe, katika shule ya msingi nilisoma na mwenzetu aliyepewa jina hilo na wazazi wake kwa heshima. Kila msimu wa mavuno wanafunzi walimcheka wakimwuliza amekula magunia mangapi. Alicheka nao mwanzoni, kisha akaacha. Mdudu hakujua kuwa ametukanwa, bali mtoto alijua.

Hata wanasayansi walifaulu waliposoma lugha ya mdudu mwenyewe. Dume la dumuzi likipata chakula hutoa harufu ya kuwaita wenzake. Kwao Amerika yupo mdudu mwingine, Teretrius nigrescens, ambaye huifuata harufu hiyo kama mtu asomaye barua isiyo yake, kisha huwala dumuzi na watoto wao. Aliachiliwa Togo mwaka wa 1991 na Kenya mwaka wa 1992. Mafanikio yake yametofautiana kutoka mahali hadi mahali, wala hakuweza peke yake kuyalinda maghala. Kwa sababu hiyo mkulima angali anahitaji kukausha vyema, kupukuchua, na kuhifadhi katika vyombo visivyopitisha hewa. Nyanya alilibomoa ghala lake, maana dumuzi hujificha hata katika nguzo na kuusubiri mvuno mpya. Siku hizi hutumia pipa la bati. Sisi wajukuu zake tunajua pipa. Neno uchaga mimi nililikuta katika kamusi.

Wasomi wenzangu, mara nyingi tunaulizwa Kiswahili kina faida gani mbele ya sayansi. Jibu mojawapo limo katika ghala lile. Mtaalamu aweza kuvumbua dawa, lakini dawa humfikia mkulima kwa neno, na neno likikosewa dawa nayo hukosewa. Tunapotafsiri vijitabu vya kilimo, tunapoandika istilahi, na hata tunapotania sokoni, tuyapime majina kwa swali moja: je, linamfundisha anayelisikia? Fukusi na aitwe fukusi, na dumuzi aitwe dumuzi. Karo ya mtoto yaweza kuwa imo katika tofauti hiyo.