Jani la Mama

Mama alipotwaliwa, sisi watoto wake watatu hatukuweza kuomba pamoja. Tuligawana majani ya ua lake la dirishani, lile la zambarau lenye asili ya misitu ya Usambara. Kila mmoja alikata kikonyo kwa mshazari, akakibakiza sentimita tatu, akakichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, mbali na jua kali. Mizizi huchukua wiki kadhaa. Miche, miezi miwili au zaidi. Ukilichomoa jani ili kuchungulia, unaikata mizizi michanga. Ndugu mpendwa, kumngoja Mungu ni hivyo hivyo. Sasa majani yale yananyauka, na chini yake miche imechipua. Jioni tunaomba tena, sote watatu.