Mstari Usiokolea

Nilifundishwa kwamba ugonjwa ni kitu cha kuonwa. Tulipotafuta kichocho cha tumbo kandokando ya Ziwa Victoria, tulichuja choo, tukaandaa slaidi kwa njia ya Kato-Katz, miligramu 41.7 tu za kinyesi, kisha tukainamia hadubini kutafuta yai lenye mwiba ubavuni. Likionekana, mabishano yamekwisha. Lisipoonekana tuliandika "hakuna", neno ambalo siku hizi nalitazama kwa wasiwasi, maana minyoo michache hutoa mayai machache, na mengi hayatoki kabisa: hunasa kwenye ini na kuta za utumbo, na hayo ndiyo yanayodhuru.

Sasa kipo kipimo cha haraka, cha kufanyia hata kando ya kitanda. Matone ya mkojo, dakika 20, unasoma mstari, basi. Mama mmoja muuza dagaa alinishangaa: tumbo ndilo linaloniuma, mkojo wa nini? Nikamweleza kwamba minyoo hiyo huishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na yale inayoyatapika humo huchujwa na figo hadi kufika mkojoni. Akacheka. "Yaani mwanangu, wanakula kwangu, wanatapikia kwangu?"

Nilidhani kipimo hiki kingenipumzisha. Mstari ukikolea, sawa. Usipokuwepo, sawa pia, au karibu na sawa. Lakini upo ule hafifu, naupeleka dirishani, naugeuza, mwenzangu anasema anauona, mimi nahisi ni macho yanautamani. Kwa mjamzito unaweza kujitokeza bila kichocho. Penye watoto wanaoshinda majini, mara nyingi ni minyoo kweli. Palipokwisha kupungua ugonjwa, mara nyingi si kitu. Rangi ileile, majibu mawili! Ndiyo maana siku hizi nauliza kwanza: unachota maji wapi, dawa ulimeza lini.

Mwenzangu husema dawa ya kichocho, prazikwanteli, haina makuu, heri kumpa asiyeugua kuliko kumnyima anayeugua. Simpingi, na mara nyingi nami hutoa. Ila mgonjwa haondoki na vidonge peke yake, huondoka na jina la ugonjwa pia. Kama jina hilo nimelisoma kwenye kivuli cha mstari, na tumbo likaendelea kumuuma, atarudi kuniambia, au atanyamaza akiamini kwamba kinachomsumbua kimeshajulikana?