Vijana walifuata bidoni mpaka jikoni



Wiki iliyopita tulitembea na vijana 6 wanaojifunza kubuni vifaa vya afya. Anayeingia Uvira akitokea Bujumbura hupita Kavimvira, kisha barabara hubanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika mpaka bandari ya Kalundu. Maji tunayaona kila siku. Ya kunywa ndiyo shida.

Kipindupindu tunakijua. Uchunguzi wa London School of Hygiene and Tropical Medicine, uliofanywa hapa Uvira na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba bomba likikauka siku nzima, wanaolazwa kwa kushukiwa kuwa na kipindupindu katika siku 12 zinazofuata huongezeka zaidi ya mara 2. Bomba likikauka, sisi hubeba bidoni kwenda ziwani au mtoni.

Vijana walikuja na wazo tayari: ujumbe wa simu wa kutuonya. Mama mmoja akawauliza, "Wanangu, mkishanionya, watoto nitawanywesha nini?" Wakacheka, kisha wakanyamaza. Mwalimu wao akawaambia wafunge daftari, wafuate bidoni moja kutoka ziwani hadi jikoni.

Ufukweni maji yalitiwa klori. Nyumbani yakamiminwa katika ndoo isiyo na kifuniko. Mtoto akaingia kutoka kucheza, akachovya kikombe pamoja na vidole. Tukatazamana. Hata sisi wenyewe tulikuwa tumezoea.

Jumamosi walirudi na ndoo yenye kifuniko na robine ya plastiki. Ya kwanza ilivuja. Ya pili, robine ilikaa juu mno. Maji ya chini hayakutoka, na mama mwenye nyumba akafungua kifuniko akachota kama zamani. Hawakumlaumu, wakatoboa nyingine. Ya tatu imewekwa juu ya kigoda, na mtoto wa miaka 4 anajifungulia robine mwenyewe.

Ndoo haitarudisha maji bombani. Hayo tutaendelea kuyadai. Lakini vijana wakituuliza kwanza, nasi tukiwafungulia majiko yetu, kitu kinachotengenezwa hutumika.

Kikao kijacho, kila kikundi kilete ndoo yenye kifuniko. Na tukumbushane: anayehara majimaji apelekwe kituo cha matibabu mara moja. Njiani anyweshwe maji salama lita 1 yaliyochanganywa na sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko kidogo.