Bakuli Lililorudi Safi



Kwa muda wa miezi miwili bakuli la binti yangu lilikuwa likirudi safi kila jioni, nami kila jioni nikimshukuru Mola. Asubuhi nalijaza wali laini wa nazi na mchuzi wa samaki niliyempondaponda, nalifunika barabara, nalitia mkobani pamoja na nepi na nguo ya kubadilisha. Jioni nalipokea tupu, limeoshwa, linanukia sabuni. Mama aonapo bakuli tupu haulizi zaidi. Husema moyoni, mtoto amekula.

Mizani ndiyo iliyosema mengine. Alipotimiza miezi kumi na mitatu binti yangu alikuwa na kilo 8.6. Alipotimiza kumi na mitano alikuwa na kilo 8.6 zile zile. Muuguzi wa kliniki alitia nukta ya pili katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto, akaiunganisha na ya kwanza, na mstari ukalala kama kamba iliyolazwa chini. Kisha akamzungushia mkononi ule ukanda wa rangi tatu: sentimita 12.7. Kijani huishia 12.5, chini yake ni njano, na chini ya 11.5 ni nyekundu.

"Bado yumo kwenye kijani, mama," akasema, "lakini amesimama mlangoni. Mchana hula nini?"

Nikamtajia wali, mchuzi, samaki.

"Hayo ni unayopakia," akasema kwa upole. "Mimi nauliza anachokula."

Sikuwa na jibu.

Niwaeleze ninyi mlioko Pwani jinsi tunavyoishi huku. Nyumba yetu iko Kawangware, upande wa Gatina, na cherehani ninayoshonea madera iko karibu na soko la Toi, ukingoni mwa Kibera. Mama yangu yuko Mombasa, mama mkwe wangu pia, na dukani mtoto haruhusiwi. Basi binti hushinda Makina, kwa bibi mmoja wa Kinubi ambaye sote twamwita Habuba, kama Wanubi wamwitavyo nyanya yao. Makina ni mtaa wa Waislamu wa tangu zamani. Mababu wa Wanubi walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Mwingereza, wakakaa hapa mwanzoni mwa karne iliyopita palipokuwa bado ni mwitu, na neno lao la msitu, kibra, ndilo lililozaa jina la Kibera. Niliichagua nyumba ile kwa kuwa adhana yasikika mlangoni, na kwa kuwa Habuba huwafundisha watoto kusema bismillahi kabla hawajajua kusema maji.

Siku ya tatu baada ya kliniki niliomba ruhusa kazini, nikaenda saa saba mchana bila kutoa taarifa. Sitasema uongo: nilikwenda kama mpelelezi. Nilikuta watoto kumi na sita mkekani, Habuba mwenyewe, na msichana mmoja wa kumsaidia. Mabakuli yamepangwa ukutani. Habuba ana kijiko, msichana ana kijiko. Kila mmoja amlisha huyu, ahamia kwa yule, arudi kwa wa kwanza. Binti yangu ni mlaji wa polepole. Alipofikiwa alikula vijiko vitatu, akageuza uso kumtazama paka, na kijiko kikaenda zake. Kiliporudi yeye alikuwa amechoka, akafumba mdomo. "Ameshiba," akasema yule msichana. Wali uliobaki, nao ulikuwa mwingi, wakapewa watoto wawili waliokuwa wameletwa na chai ya rangi ndani ya chupa na si kitu kingine.

Nilimwuliza Habuba, na sauti yangu haikuwa nzuri, iwapo alijua kwamba mwanangu hashibi.

"Mwanangu," akanijibu, "mtoto akifumba mdomo simfumbui kwa nguvu. Na hawa wawili, niwakalishe wawatazame wenzao wakila?"

Nilirudi kazini nimekasirika, na usiku nikamwambia mume wangu tutafute mahali pengine. Yeye hakubishana, aliniuliza tu bei ya mahali penye mlezi mmoja kwa watoto watatu. Sote wawili tuliijua. Hasira ilipopoa niliona kwamba nilimkasirikia mtu aliyetenda lile ambalo mama yangu mzazi angelitenda. Hesabu niliyoikosea ilikuwa yangu mimi. Nilikuwa nikipakia chakula kinachohitaji mkono wa mtu mzima, nikikipeleka mahali ambapo mikono ya watu wazima ni minne tu. Mikono ya watoto ilikuwa thelathini na miwili, na yote imekaa bure mapajani.

Twaijua sote hadithi ya Umar bin Abi Salama, aliyelelewa katika nyumba ya Mtume (S.A.W.). Alikuwa mtoto, mkono wake ukizunguka huku na huku sahanini, na Mtume akamfundisha ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho karibu naye. Nimeisikia hadithi hii tangu nilipokuwa chuoni, na siku zote niliichukua kuwa ni ya adabu. Usiku ule nilitambua jambo lililo wazi kabisa ndani yake, ambalo sikuwahi kulitia maanani: mtoto yule alikuwa akila kwa mkono wake mwenyewe.

Basi nikaanza kutafuta chakula cha kushikika. Huku kwetu chakula hicho kina masharti yake. Friji hatuna. Tangu nifunike bakuli saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa saba mchana ni muda mrefu, na Mpwani hahitaji kuambiwa kwamba wali wa nazi huchacha. Lakini nilijifunza pia kwamba hata wali usio na nazi, ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, huweza kuzalisha vijidudu ambavyo sumu yake haiondoki kwa kupashwa moto. Nilipolifahamu hilo nilikaa kimya kitambo, nikiyahesabu mabakuli ya miezi miwili.

Nilianza na vyakula vilivyoumbwa pamoja na vifungashio vyake: ndizi mbivu ndani ya ganda, parachichi zima lisilokatwa, yai lililochemshwa likaiva sawasawa na halijamenywa. Haya hayataki moto wala kijiko, na Kawangware ni soko la ndizi na parachichi kama lilivyo la kelele. Msichana wa Habuba humenya, hukata vipande virefu, humwekea mtoto mbele. Viazi vitamu navyo, vile vyenye moyo wa rangi ya chungwa, nachemsha alfajiri na kukata urefu wa kidole changu. Mtoto mdogo hushika kwa kiganja kizima, kwa hiyo kipande kinachotokeza nje ya ngumi ndicho anachoweza kukila.

Lakini kilichoibadilisha bakuli letu hasa ni vibibi. Vibibi mwavijua: mchele, tui, hamira, sukari. Vyangu havina tui wala hamira wala sukari. Naloweka usiku kikombe kimoja cha pojo, ambazo huku huitwa ndengu, pamoja na nusu kikombe cha mchele. Alfajiri baada ya swala naziponda kinuni pamoja na kitunguu kidogo mpaka rojo lishikamane. Navunja yai moja, nakwaruza karoti, nakatakata mchicha mwembamba kama uzi, natia chembe ya chumvi. Nakaanga kwa tone la mafuta juu ya meko, yaani ule mtungi mdogo wa gesi wenye jiko lake juu, kila kimoja ukubwa wa kiganja cha mtoto. Moto uwe mdogo na kikaango kifunikwe, maana pojo zisizoiva huleta maumivu ya tumbo. Robo saa yatosha. Naviacha vipoe kabisa kabla ya kuvifunika. Mvuke ukifungiwa ndani huvilowesha na kuviharibu mapema.

Siku nyingine natia unga wa omena ndani ya rojo hilo. Nawatoa vichwa na matumbo yenye uchungu, nawakausha kikaangoni, nawaponda mpaka wawe unga, na kijiko kimoja chatosha. Mama yangu alicheka sana simuni. "Mjukuu wa mvuvi wa Mombasa kulishwa dagaa wa ziwani!" Nikamwambia changu wa huku bei yake ni ya nauli ya kwenda Mombasa. Nilitia chumvi kidogo, lakini si nyingi.

Muuguzi ndiye aliyenifafanulia sababu ya pojo, mayai na samaki. Akiba ya madini ya chuma anayozaliwa nayo mtoto hupungua anapopita miezi sita, na maziwa ya mama peke yake hayaijazi tena, ijapokuwa yabaki kuwa na manufaa makubwa. (Bado namnyonyesha usiku, na inshallah nitamfikisha miaka miwili iliyotajwa katika Suratul-Baqara.) Kipande cha chungwa au papai kikiliwa pamoja na kunde huusaidia mwili kuchukua chuma hicho. Chai hufanya kinyume chake, hukizuia. Ndiyo maana zile chupa mbili za chai ya rangi zilinirudia akilini kila nilipokuwa nikiponda.

Kuna jambo moja ambalo sikubali kulipitia haraka, nalo ni kupaliwa. Kila kipande nakibonyeza kwanza kati ya kidole gumba na cha shahada. Kisipopondeka, hakiingii bakulini. Karoti mbichi haiingii. Njugu nzima hapana, na huku zauzwa kila pembe, na kila mtoto mkubwa mwenye ukarimu hutaka kumgawia mdogo. Bisi na pipi ngumu hapana. Soseji iliyokatwa mviringo hapana kabisa, kwa kuwa umbo lake huziba koo la mtoto kama kizibo. Mtoto akae wima, asilishwe akitembea, na mtu mzima awe anamtazama. Anayekohoa kwa nguvu bado apata pumzi. Wa kuogopewa ni yule aliyenyamaza ghafula, asiyeweza kukohoa wala kulia. Niliyasema haya kwa Habuba nikidhani namfundisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba yeye aliwahi kumpindua mtoto kifudifudi juu ya paja na kumpiga mgongoni kwa sababu ya mbegu ya ubuyu, kabla mimi sijazaliwa.

Maji ya kunawa yalikuwa na gharama yake, kwani hununuliwa kwa mtungi wa lita ishirini. Habuba alitoboa kitundu kwenye kidumu kidogo, akakiziba kwa kijiti, akaning'iniza sabuni kwa kamba, na watoto wakajipanga. Maji kidogo sana hunawisha wote.

Siku ya kwanza ya vibibi nilikwenda tena saa saba, safari hii kwa taarifa. Habuba alifunua bakuli, akanusa, akasema, "Hii ni gurusa iliyopotea njia." Gurusa ni mkate wao laini mwembamba wa kikaangoni, nao huliwa kwa mkono. Binti yangu alichukua kimoja mkono wa kulia na kimoja wa kushoto. Habuba akauondoa wa kushoto taratibu bila kusema neno. Nusu ya chakula ilimwangukia nguoni, robo akapata paka. Lakini alimtazama paka kadiri alivyotaka, akarudi kula, akamtazama tena, na hakuna kijiko kilichomkimbia. Kwa nusu saa alimaliza vibibi viwili na nusu na kipande cha parachichi.

Wale wawili wa chai walikuwa wameketi mbele yake, wakiangalia mkono wake unavyokwenda na kurudi. Nilikuwa nimepakia sita. Habuba alinitazama, nami nikamtazama, akavigawa vilivyobaki.

Tangu hapo napakia kumi na viwili. Naogopa kulisema hili lisije likaingiwa na riyaa, lakini nalisema kwa kuwa dada mmoja aliniuliza kama nimudu. Gharama ya pojo za ziada kwa siku haifiki nauli yangu ya matatu, na nimerudi kutembea asubuhi zisizo na mvua. Mama wa mmoja wa watoto wale hutoka Kawangware alfajiri kwenda Lavington kutafuta nguo za kufua, na siku nyingine hurudi bila kupata. Hatujapata kuzungumza jambo hili. Ila kila Ijumaa, akiwa amepata kazi, nakuta shazi la ndizi ndogo mlangoni kwa Habuba, za watoto wote. Chupa ya mwanawe sasa ina maji.

Binti yangu alipotimiza miezi kumi na saba mizani ilisoma kilo 9.1. Muuguzi alitia nukta, akavuta mstari kwenda juu, akatabasamu kidogo, akaita, "Anayefuata!"

Bakuli sasa hurudi jioni na makombo, na alama tano za vidole vya mafuta ubavuni. Msichana wa Habuba alikuwa akiyaosha yote kabla hatujafika, kwa heshima. Langu nimemwomba aniachie vivyo hivyo.