Hamburg ilinifundisha kupunguza bili, siyo kumpunguza mama

WILHELMSBURG ni kisiwa katikati ya mto Elbe, kusini mwa jiji la Hamburg, Ujerumani. Ukishuka kwenye treni jioni utasikia Kituruki, Kipolandi, Kireno na Kijerumani kwa wakati mmoja, na karibu kila mtu ana simu sikioni. Anayeongea kwa sauti kubwa, mara nyingi ndiye anayeongea na kwao.

Tulihamia huko Septemba 2016, mimi, mume wangu aliyekwenda kusoma, na watoto wetu wawili. Dar es Salaam na Hamburg ni miji rafiki tangu 2010, na wote wawili ni watu wa bandari. Basi nilidhani maisha hayatanipiga chenga sana. Baridi nilijiandaa nayo. Bili ya simu haikunijia akilini.

Nyumbani nilizoea mambo rahisi. Una hela, unanunua bando, huna, unasubiri. Wiki ya tatu Hamburg nikaingia kwenye duka la simu katikati ya mji. Kijana wa pale alikuwa mkarimu, akanionyesha simu nzuri na kusema ni ya bure. Nikatia saini kurasa sita za Kijerumani ambazo sikuzisoma, kwa kuwa nisingezielewa.

Simu haikuwa ya bure. Nilikuwa nimekubali kulipa euro 34.99 kila mwezi kwa miezi 24. Ukipiga hesabu ni euro 839.76, na simu yenyewe dukani ilikuwa haifiki euro 250.

Bili ya kwanza ilipokuja nilikaa kitako. Mkataba ulisema dakika hazina kikomo, nami nikampigia mama yangu Tanga kila nilipomkumbuka. Kumbe dakika hizo zilikuwa za kupiga ndani ya Ujerumani tu. Kila dakika ya Tanga ilikuwa inatozwa zaidi ya euro moja. Mwezi ule simu za mama peke yake zilifika euro 61.

Mume wangu akauliza tutapunguza wapi. Nikatazama karatasi, nikaona jina la Tanzania mstari baada ya mstari. Nikampunguza mama.

Kutoka kila Jumapili ikawa mara moja kwa mwezi, dakika tano. Mnaojua mazungumzo ya mtu na mamaye mnajua dakika tano ni nini. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, hamjambo huko? Baba watoto? Wajukuu wangu? Baridi? Kabla salamu hazijaisha mimi nimeshaanza kutazama saa. Mama alikuwa na kitochi, hivyo WhatsApp haikuwepo kwake. Mara moja aliniambia, "Siku hizi wanipigia kama mtu anayekimbiwa na basi." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Agosti 2018 dada yangu akanitumia ujumbe: mama alikuwa amelazwa, presha. Alikuwa akiumwa tangu Mei. Nilipompata na kumuuliza kwa nini hakuniambia, alinijibu taratibu, "Nilitaka, mwanangu. Kila nikifika hapo, simu yako inaisha."

Usiku ule nilitoa karatasi zote mezani. Jirani yetu, dada mmoja wa Mombasa aliyeishi Hamburg miaka mingi, alikuja kunipa pole. Akaushika mkataba, akaugeuzageuza, kisha akasema, "Wewe walipia simu ama walipia nyumba?" Kesho yake akanipeleka kwenye ofisi ya kutetea walaji, inayoitwa Verbraucherzentrale, karibu na stesheni kuu ya treni. Ushauri wao si wa bure, nililipa ada, lakini ile ni hela ambayo sijaijutia mpaka leo.

Mama wa pale alinisomea mkataba polepole. Miezi 24 ilikuwa inaisha Oktoba mosi. Lakini sheria ya wakati ule iliruhusu kampuni kudai barua ya kusitisha miezi mitatu kabla, na usipoiandika mkataba unajirefusha kwa mwaka mzima. Barua yangu ilipaswa kufika kabla ya Julai. Nilikuwa nimechelewa kwa wiki kama tano. Nikauliza kama siwezi kurudisha, maana nilisikia Ujerumani una siku 14 za kubadili mawazo. Akaniambia siku hizo ni kwa mkataba uliofungwa kwa intaneti au kwa simu. Aliyeingia dukani kwa miguu yake na kutia saini, hazimhusu.

Basi nikalipa miezi 12 mingine, euro 419.88. Barua ya kusitisha tuliiandika siku hiyohiyo, mwaka mzima kabla, na tukadai jibu la maandishi.

Kutoka pale tulitembea dakika chache hadi mtaa wa Steindamm. Kuna maduka ya Waturuki, Waafghani na Waarabu, mchele wa magunia, bamia, viungo, na madirishani vimebandikwa viwango vya kupiga simu nchi mbalimbali kwa vocha. Tanzania ilikuwepo, kwa bei ya chini mno kuliko niliyokuwa nikitozwa. Duka hilo nilikuwa nimelipita mara nyingi nikienda kununua unga.

Lakini dawa hasa ilikuwa nyumbani Tanga. Nilituma hela, mpwa wangu akamnunulia bibi yake simu janja ndogo, na kila mwezi nikawa nachangia bando lake. Mpwa alimfundisha bibi kitu kimoja tu: ikilia, gusa kijani. Sisi huku tulitumia intaneti ya nyumbani ambayo tayari tulikuwa tunailipia. Simu ya Jumapili ikarudi, na haikuongeza hata senti kwenye bili yetu.

Oktoba 2019 mkataba ulipokufa nilinunua laini ya kulipia kabla katika supamaketi ya kawaida. Aldi na Lidl, wanaouza maziwa na mkate, huuza pia laini zao. Kifurushi changu kilikuwa karibu euro 10. Angalia hapo: ni euro 10 kwa wiki nne, siyo kwa mwezi. Mwaka una wiki 52, hivyo utalipa mara 13, yaani euro 130. Hata hivyo, ukilinganisha na zile karibu 420, ilibaki hela ya kutosha ya dawa za presha na bando la bibi.

Nayaandika haya kwa sababu kila mwaka wazazi hapa kwetu wanasindikiza watoto uwanja wa ndege kwenda kusoma Ulaya. Tunawafungia pilipili na dagaa, tunawausia wasali na wavae sweta. Kuhusu mkataba wa simu hatuwaambii neno. Kama mwanao anakwenda Ujerumani, muusie haya.

Kwanza, aanze na laini ya kulipia kabla. Asisahau pasipoti, kwa kuwa tangu Julai 2017 hata laini hiyo haifunguliwi bila kitambulisho. Akae nayo miezi michache ajue anatumia intaneti kiasi gani, ndipo afikirie mkataba.

Pili, asikubali simu ya "bure". Azidishe malipo ya mwezi kwa idadi ya miezi, kisha alinganishe na bei ya simu ileile dukani.

Tatu, ajue haki zake. Tangu Desemba 2021 sheria imebadilika: muda wa kwanza wa mkataba ukiisha, mteja anaweza kuusitisha wakati wowote kwa notisi ya mwezi mmoja. Kampuni inapaswa pia kumpa muhtasari wa mkataba kwa maandishi kabla hajakubali, na kuwa na chaguo la mkataba usiozidi miezi 12. Achukue muhtasari huo aende nao nyumbani, autafsiri, alale, ndipo arudi. Akihamia mahali ambapo kampuni haiwezi kumpa huduma ileile, anaweza kusitisha kwa notisi ya mwezi mmoja. Na akihama kampuni, namba yake anahama nayo bila malipo.

Nne, mipaka. Tangu Juni 15, 2017, laini ya Ujerumani hutumika katika nchi nyingine za Umoja wa Ulaya kwa bei ya nyumbani. Hamburg hadi Copenhagen hakuna tatizo. Uswisi haimo katika Umoja huo, wala Tanzania. Akija likizo azime data ya laini ya kule kabla ndege haijatua, anunue bando hapa.

Tano, kwa wenye watoto wadogo. Mwanangu wa pili aliwahi kubonyeza tangazo ndani ya mchezo, tukajikuta tumeunganishwa na huduma ya kulipia kila wiki. Kampuni ya simu inalazimika kufunga makato ya watu wengine bila malipo, ukiomba. Omba siku ya kwanza, usisubiri kama mimi.

Na la sita haliko kwenye sheria yoyote. Kabla mtoto hajaondoka, kaeni pamoja mkubaliane mtaongea siku gani, saa ngapi, kwa njia gani. Bibi mwenye kitochi apatiwe simu inayofaa kabla ndege haijaruka, siyo miaka miwili baadaye. Mkumbuke na saa: Hamburg iko nyuma yetu saa mbili majira ya baridi na saa moja majira ya joto.

Sisi tumesharudi nyumbani. Mama yupo, anameza dawa zake, na ile simu ndogo kioo chake kimepasuka lakini hataki ibadilishwe. Jumapili iliyopita nilimpigia nikiwa Dar. Salamu peke yake zilichukua dakika 11. Baada ya hapo ndipo akaanza kuniambia habari za goti lake.