Mwenge ya Dansi: Tukimkumbuka Mzee Gurumo

Mwenge unayoijua wewe ni ya vinyago na foleni. Unashuka kwenye daladala, unapita kwa mafundi wanaochonga mpingo, unabishana bei ya kinyago cha kumpelekea bosi anayerudi kwao Ulaya, basi. Lakini kuna Mwenge nyingine ambayo wazazi wako huenda wanaijua vizuri kuliko wewe, na usishangae ukisikia hata uchumba wao ulikolea huko. Ni Mwenge ya dansi.

Ifuate Barabara ya Sam Nujoma kuelekea Ubungo. Siku hizi ukisema Mlimani, mwenzio anafikiria Mlimani City, maduka na sinema, mambo yaliyoanza mwaka 2006. Zamani, upande huu wa Chuo Kikuu, ukisema Mlimani wikiendi watu walielewa kitu kimoja tu: baa ya Mlimani Park na bendi yake. Bendi hiyo ilianza mwaka 1978, na mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la DDC. Ndiyo DDC Mlimani Park Orchestra, wana Sikinde, Ngoma ya Ukae.

Mmoja wa waliokuwepo tangu mwanzo, pamoja na akina Michael Enoch, Abel Balthazar na Cosmas Chidumule, alikuwa Muhidin Maalim Gurumo. Kama kuna mtu aliyeyatoa maisha yake yote kwa dansi hapa Dar, ni huyu mzee.

Hebu turudi nyuma kidogo. Dansi si ngoma ya mababu zetu. Ilikuja na wakoloni: wolzi na foksitroti, mwanaume amemshika mwanamke kiuno, suti imenyooka na viatu vinang'aa. Waliodaka kwanza ni vijana waliosoma, makarani na walimu, yaani watu wa ofisini kama wewe. Miaka ya 1930 mjini tayari palikuwa na Dar es Salaam Jazz, na miaka ya 1950 watu walipendeza kwenda kucheza Ukumbi wa Arnautoglu, Mnazi Mmoja. Halafu zikaingia rumba na chacha kutoka Cuba, na magitaa kutoka Kongo.

Gurumo alizaliwa mwaka 1940 kijijini Masaki, Kisarawe, kwenye ardhi ya Wazaramo. Mwaka 1964 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ile ile ambayo baadaye tuliijua kama Juwata, OTTU na Msondo Ngoma. Sasa angalia majina hayo. Msondo ni ngoma. Sikinde ni ngoma ya Kizaramo, na "ukae" maana yake nyumbani. Kizazi chake kilichukua dansi la kizungu, kikaliingiza ngoma za Pwani, kikalirudisha kwa wenye nyumba. Ukimsikiliza Gurumo kwa makini, unasikia Kisarawe imevaa suti.

Mwaka 1985 aliondoka Mlimani akaenda Orchestra Safari Sound, kisha baadaye akarudi Msondo. Mashabiki wa Msondo na Sikinde walitaniana kama Simba na Yanga, na mzee huyu alikuwa na haki ya kukaa pande zote mbili.

Hapa ndipo panapouma. Mwaka 2013 alitangaza kustaafu, baada ya zaidi ya miaka 50 jukwaani. Ikajulikana kwamba kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumiliki gari. Diamond Platnumz, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, akamzawadia moja. Tulipiga makofi, na kweli lilikuwa jambo la kiungwana. Lakini jiulize: mtu ambaye sauti yake imesindikiza harusi na mapenzi ya nchi nzima, kwa nini gari lake la kwanza lije kama zawadi? Vibao vya enzi zake vilirekodiwa Redio Tanzania, vikapigwa mpaka leo, na fedha hazikufuata wimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki iliyozaa COSOTA ilitungwa mwaka 1999, wakati yeye ana karibu miaka 60. Kama wewe ni mwanasheria kijana na unapenda muziki, kazi ipo hapo, tena nyingi.

Mzee alifariki Muhimbili tarehe 13 Aprili 2014, akazikwa kwao Masaki.

Tumuenzi vipi? Anza na mwenzi wako. Tafuta mahali bendi inapopiga laivu, lipa kiingilio bila kulia njaa, na ukiguswa panda jukwaani ukamtunze mwimbaji. Kibao cha dansi kina sehemu mbili. Ya kwanza inakwenda taratibu, kisa kinasimuliwa: ndoa, wivu, mwana mpotevu. Hapo mnashikana, na simu inabaki mfukoni. Anayeongoza asimburuze mwenzie, na anayeongozwa asijifanye gogo. Ukisikiliza gitaa la besi, miguu itajipa yenyewe. Ya pili magitaa yanachanganya, matarumbeta yanaitikia, na hapo mnaachiana, kila mtu aonyeshe alichonacho. Mkikanyagana, chekeni muendelee.

Na kabla ya kwenda, mpigie baba au mama. Muulize kama aliwahi kufika Mlimani Park, alikwenda na nani, na alivaa nini. Jitayarishe tu, maana majibu mengine yanaweza kukushangaza.